Frigeti ni nini hasa? Glasgow ya Sultani iliyozama Unguja na Glasgow mpya ya Waingereza

Tangu meli za mizigo zianze kushambuliwa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 neno frigeti haliishi kwenye habari, mara frigeti imetungua droni, mara frigeti inasindikiza meli ya mafuta, na ukikaa na watu wakaanza kuongelea hayo mambo unagundua kila mtu ana frigeti yake kichwani. Mmoja anakwambia ni nyambizi. Mwingine anasema ni ile inayobeba ndege. Wa tatu anasema ni jina tu, meli zote za vita ni manowari basi yameisha.

Huyo wa tatu yuko karibu na ukweli kuliko wenzake. Manowari ni meli yoyote ya vita, neno lenyewe tumelitoa kwa mabaharia wa Kiingereza waliokuwa wakiita meli zao man-o'-war, wazee wetu wa pwani wakalisikia na kulitamka kwa ulimi wao. Kwa hiyo manowari ni kama kusema "gari". Ndani ya gari kuna bajaji, kuna daladala, kuna fuso, kuna semi. Nyambizi ni ile inayozama na kutembea chini ya maji. Meli ya kubeba ndege ni ile yenye uwanja mzima juu. Halafu kuna zile za kupigana juu ya maji, na hapo ndipo frigeti ilipo, kwa mazoea inakaa katikati, chini yake koveti ambayo ni ndogo na juu yake distroya ambayo ni kubwa na ina makombora mengi zaidi.

Nimesema kwa mazoea kwa sababu hakuna sheria. Hili ndilo linalowachanganya hata watu wanaofuatilia. Ujerumani ina meli za tani 7,200 inaziita frigeti. Uingereza imechora meli mpya inayoitwa Aina ya 26, kwao ni frigeti, Australia wamechukua mchoro huohuo wakaufanyia marekebisho na wao wanaiita frigeti, Canada nao wamechukua mchoro huohuo wakasema ya kwetu ni distroya. Mchoro mmoja, majina mawili, kwa hiyo ukisikia mtu anabishana kwamba distroya lazima iishinde frigeti kwa sababu ya jina, mwambie aangalie kwanza imebeba nini na imetengenezwa kwa kazi gani.

Kazi. Hapo ndipo pa kushika. Frigeti tangu zamani ni jina la kazi kuliko jina la ukubwa, na ili tuelewane naomba turudi nyuma kidogo, mpaka enzi za matanga.

Enzi hizo meli kubwa za vita zilikuwa na mizinga 74 au 100 imepangwa ghorofa mbili tatu, nzito, za polepole, zinapanga mstari na kupigana ubavu kwa ubavu. Sayyid Said wetu alikuwa nayo moja, Liverpool, ilijengwa Bombay ikiwa na mizinga 74, akamzawadia mfalme wa Uingereza mwaka 1836. Frigeti ilikuwa kitu kingine. Mizinga yake mikubwa ilikaa ghorofa moja tu, mwili mwembamba, matanga mengi, inakimbia. Haikutakiwa kusimama kwenye mstari na wakubwa. Ilitakiwa itangulie mbele ikaangalie adui yuko wapi na irudi kusema, isindikize meli za biashara, iwafukuze maharamia, ipeleke barua na mabalozi. Yule admirali Nelson wa Uingereza mwaka 1798 alizunguka Mediterania nzima akiwatafuta Wafaransa waliokuwa wanampeleka Napoleon Misri, akawakosa, na aliandika kwa uchungu kwamba akifa siku hiyo moyoni mwake yatakutwa maneno ya kukosa frigeti. Meli kubwa za mizinga alikuwa nazo. Alichokosa ni macho.

Shikilia hilo neno, macho. Tutalirudia.

Sasa tuje Unguja, maana hii historia inapita mlangoni kwetu kabisa.

Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Zanzibar, kikaharibu minazi na mikarafuu na kikazivunja meli za Sultani Barghash. Mwaka uliofuata, 1873, ndio mwaka ambao Barghash alitia saini chini ya tishio la Waingereza mkataba wa kufunga soko la watumwa, na mwaka huohuo ilifika bandarini frigeti ya Kiingereza inaitwa HMS Glasgow (HMS ni herufi zinazotangulia majina ya meli za vita za Uingereza), ya mbao, yenye milingoti mitatu na injini ya mvuke, iliyoshushwa majini 1861. Barghash akaipenda. Akaagiza ya kwake ijengwe kwa mfano wa ile, kwenye karakana ya Denny kule Dumbarton, Scotland, na ikashushwa majini 1878 nayo ikipewa jina hilohilo la Glasgow. Watu wengi wanajua habari za Beit al-Ajaib lakini hawajui kwamba mbele yake palikaa kwa miaka meli ya Sultani yenye jina la mji wa Scotland.

Ilikuwa frigeti kwa sura. Milingoti ipo, mvuke upo, mizinga midogo saba ipo, na bunduki ya Gatling aliyotoa Malkia Victoria kama zawadi. Lakini haikuwa na kazi ya frigeti. Haikwenda doria, haikusindikiza mtu, ilitia nanga tu pale mbele ya majumba ya kifalme miaka nenda rudi, na meli isiyotoka baharini mabaharia wake hawajifunzi vita.

Agosti 25, 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini akafariki, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza, wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 aondoke. Hakuondoka. Bandarini kulikuwa na meli tano za Kiingereza, na kubwa yao ilikuwa St George, kruza (meli kubwa ya vita) ya chuma, kubwa mara tano au zaidi ya Glasgow. Dakika chache baada ya saa tatu mabomu yakaanza kuanguka kwenye kasri. Na Glasgow ikajibu. Naomba tusilipite hili haraka. Wale mabaharia waliifyatulia St George mizinga yao midogo wakijua kabisa kilichoko mbele yao. Wakapigwa, meli ikazama, mabaharia wakaokolewa na boti za Waingereza. Vita vyote, ambavyo vitabu vinavihesabu kati ya dakika 38 na 45, viliacha Wazanzibari kama 500 wamekufa au kujeruhiwa, upande wa pili akajeruhiwa baharia mmoja. Maji ya pale si marefu, kwa hiyo milingoti mitatu ya Glasgow ilibaki imesimama juu ya maji, na watu wa Mji Mkongwe waliiona kila siku mpaka 1912 ilipoondolewa.

Kwa nini nimekaa sana hapa? Kwa sababu hii ndiyo njia nzuri ninayoijua ya kueleza frigeti ni nini. Ukiwa na umbo la frigeti, jina la frigeti na mizinga, bado huna frigeti. Frigeti ni meli pamoja na watu waliozoea bahari, pamoja na uwezo wa kuona mbali, pamoja na mafuta na vipuri na wenzake wa kuwasiliana nao. Toa hivyo vitu unabaki na pambo.

Neno lenyewe lilipotea mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu chuma na mvuke vilileta kruza na aina nyingine. Likafufuka katikati ya Vita Kuu ya Pili. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zinazizamisha meli za chakula na mafuta Atlantiki kuliko zilivyokuwa zinajengwa, Waingereza wakahitaji meli ya bei nafuu inayoweza kuvuka bahari kubwa, kukaa siku nyingi na misafara, na kuwinda nyambizi. Wakaiita frigeti. Kazi ya kusindikiza na kulinda ilikuwa ileile ya enzi za matanga, ila adui sasa haonekani, yuko chini. Macho hayatoshi tena, yanahitajika masikio.

Na hapo ndipo inapoingia Glasgow mpya.

Hii inaitwa tena HMS Glasgow na ndiyo ya kwanza kati ya frigeti nane za Aina ya 26 ambazo Waingereza wanajenga pale mjini Glasgow kwenyewe, zote zimepewa majina ya miji: Cardiff, Belfast, Birmingham, Sheffield, Newcastle, Edinburgh na London. Chuma cha kwanza kilikatwa Julai 2017 kwenye karakana ya Govan. Ina urefu wa karibu mita 150, yaani uwanja wa mpira na karibu nusu ya uwanja mwingine, uzito tani 6,900, na mabaharia 157 tu, ambao ungewapandisha kwenye mabasi matatu makubwa wakaenea. Mwendo wake ni zaidi ya noti 26, kama kilomita 48 kwa saa. Si mwendo wa ajabu, na watu wakisikia hivyo huwa wanavunjika moyo, wanasema pesa zote hizo halafu inakwenda polepole hivyo? Lakini hii meli haijatengenezwa ili ikimbie. Imetengenezwa ili inyamaze.

Fikiria uko nyumbani umeme umekatika, jenereta ya jirani inanguruma, simu inalia unataka kumsikia mtu. Unafanyaje? Ama jenereta izimwe, ama wewe utoke uende mbali nayo. Frigeti inafanya yote mawili.

La kwanza, kuzima kelele zake. Meli ina jenereta nne za dizeli zinazotoa umeme, na umeme ndio unaozungusha mota mbili za rafadha, yaani mapanga yanayoisukuma meli. Jenereta zimefunikwa na kukalishwa kwenye vitako vya kuzuia mtikisiko, kwa sababu jenereta ikigusa mwili wa meli moja kwa moja mwili mzima unageuka ngoma na sauti inaingia majini. Ukiwahi kuweka jenereta juu ya bati halafu ukaihamishia juu ya tairi kuukuu unajua tofauti ninayoisema. Ikitaka kukimbia ndipo inawasha tabini moja kubwa ya Rolls-Royce, ya ukoo mmoja na injini zinazorusha Boeing 777, lakini ikiwa kwenye windo inatembea kwa umeme tu, taratibu.

La pili, kutoka nje ya kelele. Kwenye omo, yaani mbele ya meli, kuna sona, kifaa cha kusikilizia majini, lakini sikio lenye thamani liko tezi, yaani nyuma. Meli inaachia kebo ndefu sana nyuma yake yenye maikrofoni za majini zilizopangwa, inaiburuta mbali na rafadha zake yenyewe. Sona hii wanaiita 2087. Pamoja na kebo inashushwa chini kifaa kinachopiga sauti nzito na kusubiri mwangwi, kama popo anavyofanya usiku, ila popo anapiga sauti nyembamba na hii ni nzito kwa sababu sauti nzito inasafiri mbali zaidi majini.

Na kwa nini ishushwe chini? Mtu yeyote aliyekulia pwani akapiga mbizi anajua, juu maji ni ya vuguvugu, ukishuka ghafla unakuta baridi. Pale yanapokutana sauti inapinda, badala ya kupita inaelekea kwingine, na nyambizi zinalijua hilo zinajificha chini ya ile baridi kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia. Ukipeleka sikio lako chini ya pazia unamsikia.

Sasa ukishamsikia unafanyaje? Hapa kuna jambo linawashangaza wengi, hii meli yenyewe haina mirija ya kurushia topido, lile bomu linalojiendesha chini ya maji. Silaha yake ya kuulia nyambizi ni helikopta, Merlin au Wildcat, inaruka kutoka kwenye deki ya nyuma, inakwenda mpaka pale sikio liliposema, Merlin inaweza hata kuning'iniza sona yake majini ikasikiliza kwa karibu, halafu inadondosha topido. Maana yake frigeti haihitaji kumsogelea adui. Ndiyo maana nasema mtu akihesabu frigeti kwa mizinga anakosea hesabu, helikopta moja inaweza kuwa na maana kuliko mzinga wa mbele.

Mzinga upo lakini, wa milimita 127. Kuna mizinga midogo ya kujilinda kwa karibu. Na kuna mashimo 48 yaliyosimama wima ya kombora la Sea Ceptor, la kutungua ndege, droni na makombora mengine, linafika zaidi ya kilomita 25. Linavyorushwa ni kwa namna ya pekee, kwanza linasukumwa juu kwa gesi kama kizibo cha chupa ya soda, likiwa hewani linajigeuza kuelekea adui, ndipo injini inawaka, kwa hiyo moto hauunguzi meli na linaweza kwenda upande wowote. Hili limeshafanya kazi kweli vitani, Machi 2024 frigeti ya zamani kidogo, HMS Richmond, ililitumia kutungua droni mbili huko Bahari ya Shamu. Glasgow ina pia mashimo mengine 24 makubwa kwa makombora ya masafa marefu.

Nije kwenye imani mbili tatu nilizozisikia mara kwa mara.

Kwamba frigeti ikitokea pwani ya nchi, nchi imekwisha. Hapana. Frigeti moja ni mlinzi, si jeshi la uvamizi. Kazi kubwa ya hizi Glasgow itakuwa Atlantiki ya kaskazini, kulinda nyambizi za Uingereza zinazobeba makombora ya nyuklia na zile meli mbili za kubeba ndege. Ikiwa peke yake bila meli ya mafuta ya kuilisha, ina safari ya maili 7,000 hivi za baharini kisha inahitaji bandari, kama chombo kingine chochote.

Kwamba haionekani kwenye rada. Inaonekana. Ubavu wake umelazwa mshazari bila vitu vingi vinavyochomoza ili mawimbi ya rada yapotelee pembeni, kwa hiyo inaonekana ndogo kuliko ilivyo, lakini kuonekana inaonekana.

Kwamba mambo ya nyambizi hayatuhusu sisi. Hili naomba nilipinge kwa nguvu. Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, Tanzania na Kenya tulikaa na intaneti ya kusuasua, watu walishindwa kufanya kazi na biashara zikalala. Intaneti yetu iko chini ya bahari. Na meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ziliongezeka kwa siku nyingi na gharama zikawa za mnunuzi. Anayeweza kusikia kilicho chini ya maji na kusindikiza kilicho juu yake ana nguvu ambayo haionekani mpaka siku itakapokosekana, na nchi zetu zenye pwani ndefu namna hii zinapaswa kuongea kuhusu bahari kwa uzito zaidi ya tunavyofanya sasa.

Bei? Tatu za kwanza mkataba wake ulikuwa pauni bilioni 3.7, tano zilizofuata mwaka 2022 zikawa bilioni 4.2. Norway nayo Agosti 2025 ilitangaza itanunua zisizopungua tano. Pesa hizo hazilipii chuma tu, zinalipia na ule ukimya.

Jina Glasgow nalo limebeba mengi. Moja ilikuwa kwenye vita vya Navarino, Ugiriki, mwaka 1827. Nyingine, kruza, ilinusurika vita vya Coronel, pwani ya Chile, Novemba 1914 pale Waingereza walipopoteza meli mbili na watu wake wote mbele ya Wajerumani, kisha mwezi mmoja baadaye ikawa kwenye kisasi cha Falkland. Nyingine, distroya, mwaka 1982 ilipigwa bomu na ndege ya Argentina, bomu likaingia ubavu mmoja likatokea mwingine bila kulipuka. Mabaharia wa jeshi hawachukulii majina haya kama mapambo, baharia mpya akipanda melini anakabidhiwa na hizo hadithi. Ya Barghash haimo kwenye orodha yao kwa sababu haikuwa ya kwao. Ni ya kwetu kuisimulia.

Mwishoni mwa 2022 Glasgow mpya ilitolewa Govan ikiwa juu ya jukwaa kubwa la kuelea, ikaburutwa taratibu kushuka mto Clyde hadi kwenye kina kirefu ikaelea kwa mara ya kwanza, halafu ikarudishwa Scotstoun kumaliziwa, na Mei 2025 ikapewa jina rasmi na Catherine, mke wa Mwanamfalme William wa Wales. Inategemewa kuanza kazi karibu 2028. Kwenye ile safari ya kushuka Clyde ilipita Dumbarton. Karakana ya Denny haipo tena, ilifungwa 1963, lakini ni maji yaleyale ambayo mwaka 1878 yaliibeba Glasgow nyingine, ikiwa mpya kabisa, ikianza safari ya kuja Unguja.